Doa Lililoingia Kwenye Sponji

Jumatatu, 3 Februari

Kansa. Basi, nimeiandika.

Daktari hakunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Saratani ya titi la kushoto, aina vamizi. Nikamwambia hilo neno silipendi, nasikia kama majambazi wameingia nyumbani. Akacheka kidogo, akanichorea mrija wa maziwa. Ilianza humu ndani, akasema, sasa imetoboa ukuta wa mrija imeingia kwenye nyama ya jirani.

Nikaelewa palepale! Si nashona makochi miaka yote hii? Doa likiwa kwenye kitambaa, unafua. Likishapenya kwenye sponji, kufua ni kujichosha — unakata. Daktari akasema ndivyo hasa. Ila kwanza kemo, dawa kali za dripu, kuusinyaza uvimbe. Kisha kisu, kisha mionzi, halafu vidonge miaka kadhaa, maana kansa yangu inakula homoni zangu mwenyewe. Mwizi, tena anakula jikoni kwangu!

Baba Watoto alikaa pembeni. Alikuwa anabonyeza godoro la kitanda cha daktari kwa kidole gumba, kama tunavyopima sponji karakanani. Sidhani kama alijua anafanya hivyo.

Alhamisi, 20 Machi

Dripu tena. Mdomo una ladha ya misumari — na ladha hiyo naijua, nimebana misumari midomoni tangu nijifunze kazi. Nywele zimekwisha. Wifi yangu, dada yake Baba Watoto, amekuja kunipikia. Amenitazama akasema kumbe nina kichwa kizuri hivi, kilikuwa kinafichwa bure na misuko mibaya. Nimemrushia mto. Tumecheka mpaka nikatapika.

Nimegombeza kila mtu leo. Hata cherehani.

Jumamosi, 5 Julai

Haupo!!! Nimepapasa bafuni, nimepapasa nikiwa chali. Uvimbe sijaukuta. Kliniki nesi naye kapapasa — hola! Nimerudi nyumbani natembea kama nimeshinda uchaguzi.

Baba Watoto kaninyanyua mzimamzima mbele ya wateja. Jioni akaharibu. Anasema sasa upasuaji wa nini? Kitu hakipo, wanakata nini? Tushukuru Mungu tutulie. Nimemwambia kwamba daktari amesema mabaki yanaweza kuwamo ndani, hayashikiki kwa kidole. Na kwa vile uvimbe ulikuwa umetanda, titi lote linaondoka. Kajibu kwamba madaktari wanapenda visu. Na wifi kamuunga mkono!

Niseme ukweli: moyo ulitaka kuwasikiliza. Naogopa. Halafu nalipenda titi langu.

Jumatano, 9 Julai

Mama wa duka la dawa karudisha kochi lake, kaja juu kwelikweli. Wanawe walilimwagia maziwa. Nilipokuwa nimelala na kemo, Baba Watoto alifua kitambaa, akapangusa sponji juujuu, akaona nyeupe, akaishonea. Sasa doa limepanda upya, na harufu juu yake!

Tumefumua. Sponji juu safi kabisa. Akaanza kumwambia mteja tatizo ni kitambaa. Nikachukua kisu kirefu nikaipasua katikati. Ndani njano mpaka chini.

Mteja kaenda zake, ameahidiwa sponji mpya. Sisi tumebaki na ile iliyopasuliwa mezani. Baba Watoto kaitazama muda mrefu. Kisha kauliza upasuaji ni tarehe ngapi.

Jumatatu, 28 Julai

Limetoka. Nipo hai na nina njaa!

Mpira wa kutolea maji unaning'inia ubavuni. Asubuhi nimelia, sitaki kujifanya shujaa. Nyama imepelekwa maabara. Wataipima kingo zake zote: kansa ikigusa ukingo, maana yake nyingine imebaki mwilini. Kingo safi, tumeishinda. Sina ninalowaza ila hizo kingo.

Baba Watoto ananilisha kwa kijiko, ananisukia maneno nicheke. Lakini macho yake hayashuki chini ya kidevu changu.

Ijumaa, 8 Agosti

MAJIBU!

Daktari kasoma taratibu. Tezi za kwapani, safi. Ukingo wa juu, safi. Wa chini, safi. Huku na huku, safi! Nikapiga kigelegele, na wifi huko korido akanipokea bila kujua habari yenyewe.

Baba Watoto akatunyamazisha kwa mkono. Akauliza, na nyuma je? Fundi makochi haamini mpaka ageuze. Daktari akafunua ukurasa wa pili.

Nyuma, safi!

Na mabaki yalikuwamo. Machache, yametawanyika katikati ya kilichokatwa. Yalikuwamo jamani! Ningetulia nyumbani nikishukuru, nayo yanaendelea kula. Sasa yako maabara, mimi niko hapa. Mionzi bado, vidonge bado, vipimo kila mara — daktari kasema tusilegeze. Mimi nilegeze? Mimi?

Nikadhani Baba Watoto atalia. Hakulia. Akasema anaomba kuuona mshono.

Nikafungua vifungo mwenyewe. Akavuta kiti, akainama, akaufuata mshono kwa macho kutoka kifuani hadi kwapani, polepole, kama anavyokagua kazi kabla mteja hajaja. Akauliza nani kashona. Daktari akasema ni yeye. Akamuuliza kaikazaje hii kona ya kwapa nyama isijikunje. Daktari akashika kalamu akaanza kumchorea! Kila akichorewa, mume wangu anarudi kifuani kuhakikisha. Kisha akanyoosha kidole gumba kuelekea mshono, akanitazama usoni, naye akasubiri. Nikaitikia kwa kichwa.

Nesi akagonga mlango, akasema foleni imefika ngazini. Nikamwambia asubiri kidogo, mume wangu bado anatazama.