Pima Maji Haikuwa Katikati

Baba,

Chai iko kwenye chupa. Ndoo iliyo chini ya dirisha langu usiisogeze, ukuta bado unatoa maji. Lile godoro kuukuu ulilolikata ukalipachika ukutani ili nisipate baridi limelowa chapachapa, nimelitoa nje.

Nimeandika usiku, maana nikikuangalia usoni maneno yananipotea.

Jana asubuhi ulimwambia fundi, “Sakafu ya gereji umeilaza kama bembea ya watoto ya kuteleza, maji yote ya mvua yanaingia chumbani kwa binti yangu. Usirudi hapa.” Akajibu, “Bosi, nilimwaga zege pale mlipopima wenyewe.” Ukamcheka.

Baba, fundi alisema kweli. Siku ile ya kupima uliacha miwani ndani, mimi ndiye niliyeisoma pima maji kuona kama sakafu italala sawa. Ukauliza, “Mwanangu, kipovu kiko katikati?” Nikasema ndiyo. Hakikuwa. Kilikuwa kimekimbilia upande wa geti, yaani upande wa chumba changu uko chini. Lakini ulikuwa umeshamwambia jirani gereji tunajenga wewe na mimi, na ulikuwa unapiga mluzi. Nikashindwa.

~~Leo nitalala kwa shangazi.~~ Nitarudi saa kumi.

Zege limeshakauka, sijui tufanyeje. Ila mpigie fundi, tafadhali. Anadhani hata mimi namwona mwongo.

Nikirudi usiniulize kitu. Kama umempigia, niwekee tu pima maji kitandani, nitaelewa.

Kitinda mimba wako