Bunduki ya Mahari ya Kudra

Vugiri, 3 Juni 1968

Shemeji Mwinjuma,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ila goti langu limegoma kupanda mlima. Dada yangu hajambo? Mwambie bado namwomba radhi kwa kumwoza Mzigua.

Nimesoma habari ya posa. Ulimwambia Sadala humpi binti yako Kudra mpaka alete bunduki ya kale ya mlowezi, ya mitutu miwili, uitundike ukutani kama Mzungu mwenye shamba. Sasa ameileta, nawe unaogopa ni bandia. Ogopa tu. Yule Mzungu niliyempikia kule Dindira alikuwa akizikusanya, na kila mara anauziwa za uongo. Chomoa mitutu, uining'inize kwa kamba, uigonge kwa kidole: ya kweli hulia kama kengele ya misheni. Kisha tazama ndege waliochorwa ubavuni. Azima miwani, usijifanye kijana.

Shemeji yako,
Semboja

Kwedizinga, 19 Juni 1968

Shemeji Semboja,

Salamu zimefika. Dada yako mzima, anasema goti lako ni uvivu.

Nimegonga. Imelia kama sufuria iliyotoboka. Na ndege ni kanga, shemeji! Madoadoa yote, na kipembe kichwani! Mwingereza gani kwao anawinda kanga? Nikambana Sadala, akakiri ameiunda mwenyewe kwa bomba bovu la maji. Eti, "Mzee, walowezi wameshaondoka na bunduki zao, ningeitoa wapi?" Nimevunja posa. Kudra hasemi nami. Ananiwekea ugali mlangoni kama mbwa.

Shemeji yako,
Mwinjuma

Vugiri, 26 Juni 1968

Shemeji Mwinjuma,

Pole kwa ugali wa mlangoni. Goti limepona, nadhani kwa kucheka.

Usiifyatue hata kwa mzaha, utabaki bila kichwa. Lakini kijana kaligeuza bomba bovu mpaka wewe na mvi zako ukaandika barua kuuliza! Nasikia mashine ya kusaga ya kijiji chenu cha ujamaa imelala tangu mavuno. Nani ataiamsha, katibu kwa hotuba? Basi, umeshaamua. Mwelekeze Sadala kwangu. Nina binti wa kuoza, naye hana ugomvi na kanga.

Shemeji yako,
Semboja

Kwedizinga, 14 Julai 1968

Shemeji Semboja,

Salamu utapewa na dada yako, mimi sina.

Barua yako ilinichoma. Nikasema, mkwe fundi hivi achukuliwe na Msambaa? Asubuhi ileile nikamwita Sadala, bunduki nikaibadili kuwa mbuzi, na Jumamosi tukaoza. Mashine inasaga. Kudra kaondoka anaimba.

Jana tunamalizia pilau, nikawa namsimulia dada yako jinsi nilivyokuwahi. Akaacha kutafuna.

"Binti yupi? Umesahau kaka ana wavulana watupu?"

Tonge likanikwama kooni. Njoo unipige mgongo.

Shemeji yako,
Mwinjuma