Mashine Ndani, Vijana Barazani

Shella, Malindi
9 Machi 1986

Mwanangu Zeina,

Assalaam alaykum. Naanza kwa kukutaka radhi. Barua yako ya Novemba niliipata, nikaiweka kando nipate kuijibu kwa utulivu, na utulivu huo haukuja. Hapana ugonjwa. Mimi ni mzima, mke wangu, mama yako Hindu, anasumbuliwa na goti, na paka wako amezeeka lakini kiburi hakijampungua. Nawe je? Baridi ya Nairobi haijakuingia kifuani?

Sababu ya kimya changu ni hii. Shule niliyokuwa nikifundisha imepewa kompyuta na Mzungu mmoja aliyekuwa akija hapa kila msimu. Mwezi wa Agosti kutakuwa na mashindano Mombasa. Kila shule italeta wanafunzi watatu, nao watapewa maswali na kuiandikia mashine programu za kuyajibu. Watakaoshinda watasomeshwa fani hiyo chuoni bila ada. Walimu wa hesabu waliukwepa mzigo, wakanitwika mimi, mwalimu wa lugha niliyekwisha kustaafu, kwa hoja kwamba nina nidhamu.

Mashine ilikuja bila kioo. Yahitaji televisheni, na shuleni haipo. Jirani yangu Bwana Abdurahman, muuza mbata, ametupa ruhusa ya kuitumia yake, kwa kuwa binti yake Batuli yumo katika timu. Lakini televisheni imo chumba cha ndani, wanamokaa wanawake, na wavulana hawawezi kuingia humo. Kwa hiyo nimepanga hivi: Batuli hukaa ndani na mama yake, Bi Mwanasiti, mbele ya mashine. Mahdi wa hapa Shella na Kaingu wa Kaloleni hukaa nami barazani, wakaandika programu kwenye karatasi. Karatasi hupitishwa penye pazia, Batuli akapiga herufi, na mama yake akatuletea jibu. Ni mpango wenye adabu, na unakwenda.

Wewe ndiwe uliyesomea mambo haya. Nitumie maswali ya mazoezi.

Ami yako,
Gharib


Nairobi
24 Machi 1986

Ami yangu,

Shikamoo. Kifua changu kizima, na radhi nimekupa kabla hujaiomba. Msalimie mama Hindu, umwambie goti asilisugue kwa mafuta ya taa, najua analisugua.

Nilicheka peke yangu ofisini hata wenzangu wakaniuliza kuna nini. Ami Gharib na kompyuta! Wewe uliyenichapa vidole kwa kuandika bila nukta, sasa umepata mwanafunzi wa kukufaa, maana mashine nayo haisamehe nukta.

Nimekufungia maswali kumi. Nakuomba neno moja tu. Kila mmoja wa hao watatu azipige herufi kwa mikono yake. Siku ya mashindano hakuna pazia. Anayeijua programu kwa kalamu tu hutafuta herufi moja kama anayetafuta sindano mchangani, na muda humwishia hapo.

Mwanao,
Zeina


Shella, Malindi
30 Aprili 1986

Mwanangu Zeina,

Marahaba. Natumai Ramadhani itakukuta na afya. Sisi tu salama, na goti linapakwa mafuta ya taa kama ulivyokisia.

Maswali yako yamewachangamsha vijana. Kila alasiri tuko barazani. Mahdi ni mwepesi, lakini mwandiko wake ni aibu. Juzi alipaza sauti, "Batuli, umekosea mstari wa thelathini."

Sauti ikatoka ndani, "Mimi sijakosea. Nimepiga ulichokiandika, nacho ni kama kuku aliyetoka kwenye matope."

Kaingu akasema, "Mwalimu, sisi tunajifunza kuogelea kwa barua." Nilimkaripia, kisha nikageuza uso, maana maneno yenyewe hayakuwa mabaya.

Bwana Abdurahman akirudi kutoka dukani hukaa nasi na kahawa yake. Bi Mwanasiti akifungua pazia na kusema, "Imekataa tena," yeye hujibu, "Mashine hiyo ni kama wakwe zangu, inakataa wala haitoi sababu." Mke wake humwambia, "Wakwe zako walikubali, ndiyo maana unakunywa kahawa." Siku hizi Bi Mwanasiti hujua makosa kabla ya wavulana. Baba mtu amenitamkia kwa kinywa chake kwamba Batuli ataenda Mombasa. Nilimwona alivyojivuna aliposema.

Ushauri wako kuhusu mikono nimeufikiri. Siwezi kuwaingiza wavulana katika chumba cha ndani cha nyumba ya watu, na Batuli hawezi kuja na televisheni barazani. Kazi wamegawana, na mgawanyo si kosa. Mombasa naye atapiga, wenzake wataandika.

Ami yako,
Gharib


Shella, Malindi
22 Juni 1986

Mwanangu Zeina,

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Bwana Abdurahman amefariki. Alitoka kuswali adhuhuri, akalalamika maumivu ya mkono, akalala, asiamke tena. Tumemzika hapa Shella, na watu walikuwa wengi. Najua ulimpenda, alikuwa akikupa kashata ulipokuwa mdogo.

Bi Mwanasiti amekaa eda. Televisheni imefunikwa shuka, na mwenye akili hawezi kuuliza itafunuliwa lini. Nimeirudisha mashine shuleni, lakini bila kioo ni kisanduku tu. Wengine wenye televisheni mtaani ni jamaa wa marehemu, nao wamezizima kwa heshima yake. Nilimwendea meneja wa hoteli moja. Televisheni yake imo baani, na wageni wanatazama Kombe la Dunia. Akaniambia, "Mzee, walete watoto asubuhi tunapofagia." Niliingia nikaona chupa, nikasikia harufu ile, nikatoka. Siwezi kuwaambia wazee wao kwamba niliwapeleka huko.

Vijana wanaendelea kuandika karatasi barazani kwangu. Hakuna pa kuzipeleka.

Jambo zito zaidi ni hili. Walii wa Batuli, mwenye kauli juu yake, sasa ni ami yake wa Takaungu, Bwana Mahadhi. Marehemu alinipa mimi ruhusa ya safari. Ndugu yake huyo hakumwambia.

Ami yako,
Gharib


Nairobi
4 Julai 1986

Ami yangu,

Shikamoo. Nimelia. Nimemwandikia Bi Mwanasiti mkono wa pole, na kwako natuma huu mwingine. Afya yako iko vipi kwa misiba hii?

Ami, naomba nisikike kwa adabu. Mwaka ule baba alipokataa nisije Nairobi, wewe uliingia sebuleni, ukasema, "Mwache mtoto aende, akiharibika niulizwe mimi." Wiki iliyofuata nilikuwa njiani. Neno moja. Mwambie Bwana Mahadhi hilo hilo. Mimi nitaomba likizo nije Mombasa, nimpokee Batuli kituoni, alale nami kwa shangazi Nana, nimrudishe mpaka mlangoni kwao.

Bila yeye watabaki hao wawili, ambao hawajawahi kugusa mashine. Sitaki kurudia niliyokwisha kuyasema.

Mwanao,
Zeina


Shella, Malindi
27 Julai 1986

Mwanangu Zeina,

Marahaba. Mkono wa pole ulifika, na Bi Mwanasiti anakuombea dua. Sisi wazima wa mwili.

Nilikwenda Takaungu. Bwana Mahadhi alinipokea vizuri, akanikalisha, akaleta chai na mahamri. Si mtu mbaya, na nataka ulijue hilo. Nilimweleza ahadi ya marehemu, nikamweleza nawe utampokea. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu," akasema, "mimi sina neno na mashine. Lakini mama yake yumo edani, na hana binti mwingine. Siku mbili hizo nani atakaa naye?"

Nikasema mama yako Hindu atakaa.

"Na watu? Kaburi halijapata nyasi, mtoto yuko Mombasa anashindana?"

Nikasema marehemu alitaka.

"Alikwambia wewe," akasema, kwa upole. "Mimi hakuniambia. Nitakaa na ndugu zangu, tutaamua."

Umeniambia niseme neno moja. Lile neno nililisema mbele ya ndugu yangu, kwa mtoto wa ndugu yangu. Katika nyumba ya mwingine mimi ni mwalimu tu, nikishakunywa chai sina la zaidi. Nilirudi Malindi. Nimewapelekea ujumbe mara mbili, nikajibiwa kwamba wazee bado wanakaa. Mashindano ni Jumamosi hii. Majina yanatakiwa kabla ya hapo. Nimeandika mawili, nafasi ya tatu nimeiacha wazi.

Leo alasiri nilipita kuwajulia hali Bi Mwanasiti na Batuli, na vijana walinifuata. Tulibaki nje, kama ipasavyo. Dirisha lilifunguka kidogo, ukatolewa upande wa katoni ya majani ya chai. Juu yake Batuli amechora herufi zote za mashine kwa rangi nyeusi ya piko, kila moja mahali pake na ukubwa wake, hata kile kitufe kirefu cha chini. Hakuwa na mashine ya kutazamia. Ameichora kwa kumbukumbu ya vidole vyake.

"Mwalimu," akasema kutoka ndani, "wape wazoee."

Nikamuuliza, "Na wewe utazoea kwa kutumia nini?"

"Mimi naijua tayari."

Hapo hapo Mahdi na Kaingu wakaketi, katoni ikiwa magotini pao, wakaanza kubonyeza. Kaingu hakutia mzaha. Kila walipokosea mahali pa herufi, Batuli aliwasahihisha kupitia dirisha. Sijui alijuaje, maana alikuwa hawaoni. Bi Mwanasiti alikohoa mara moja. Nilisimama hapo na fimbo yangu mpaka adhana ya magharibi, kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine ya kufanya.

Likizo usiifute bado. Wazee hawajaamua. Wakishaamua, nitakupigia simu ofisini.

Ami yako,
Gharib