Haogopaki masasi

Estelle, uko? Niko na kasirani sana. Nimetoka na mutoto yangu Orly ku centre de santé, kwa matibabu, sasa hivi.

Weye unajua vile bwana yangu Baudouin anamusifu huyu mutoto. Tangu tulikimbia vita ya kule Iga Barrière, masasi ya bunduki ikilia, watoto ya wengine banalia, Orly iko nacheza tu. Baudouin anaambia batu yote: "Mwana yangu ni mwanaume! Haogopaki masasi!"

Na mimi nikisema mutoto iko na homa, sikio inatoka usaha, inanuka? "Acha. Ni meno inaota." Mama ya Baudouin akamumiminia mawese ya moto mu sikio mbili, akaziba na pamba. PAMBA, Estelle!!

Infirmière, muuguzi ya kule, ametoa ile pamba, usaha ikamwangika. Anasema mutoto ya miaka mbili, mwili wake bado inajifunza kupigana na microbe, vile vidudu ya ugonjwa. Inapigana vile inaweza, na ile usaha ndiyo mabaki ya vita. Ilitafuta kutoka, siye tukafunga mulango!

Kisha akasimama nyuma ya Orly, akapiga makofi kwa nguvu.
Orly hakugeuka.
Akapiga tena. HAKUGEUKA.

Nafika nyumbani, Baudouin iko na wageni. Eti, "Mulete simba yangu bamuone."

Nikamujibu mbele ya bote: "Simba yako haogopaki kwa sababu hasikiaki!"

Anasema ni uongo. Amesimama nyuma ya mutoto, iko namuita jina. Mpaka sasa iko namuita.