Mto wa Kiti cha Baba

12 Januari 2009

Mama mpendwa,

Shikamoo. Huku hatujambo, na ninaposema "hatujambo" nina maana ya mimi na mabomba, maana siku hizi ndani ya nyumba tumo sisi tu. Vipi magoti yako? Mama mkubwa naye vipi, bado anagombana na daktari wake wa meno? Nimeona niandike kwa sababu simu yenu haina siri. Mama mkubwa akipokea anaweka sauti nje nyumba nzima isikie, na habari hii nataka uipate peke yako.

Ninajenga gari la baba. Si lenyewe, lenyewe lilikwenda kwenye chuma chakavu wiki ile ile ya msiba na sote tunajua. Ninajenga la kufanana nalo: lile jekundu la mbio, la wazi, la viti viwili, la miaka ya hamsini, ambalo aliliokota likiwa mifupa mitupu akalifufua. Ninazo picha kumi na moja. Fremu naichomelea mwenyewe jioni nikimaliza mageti ya watu. Injini nimepata ya pikapu iliyogongwa nyuma. Kazi yote naifanyia kwenye chumba chako cha kushonea kwa kuwa ndicho chenye mlango mpana. Cherehani nimeihamishia chumbani kwangu nikaifunika shuka, usiwe na wasiwasi nayo.

Nilikuwa na miaka tisa alipofariki uwanjani. Ninachokumbuka ni mngurumo, na yeye akininyanyua kwa kwapa kunitoa njiani. Nataka nikae pale alipokaa, nione alichokuwa anakiona. Hilo tu.

Shida ni kiti. Katika picha zote baba amekikalia, kwa hiyo hakionekani. Wewe ndiye uliyekishona. Naomba vipimo.

Mwanao


9 Februari 2009

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yapo, yananifikisha sokoni na kunirudisha, zaidi ya hapo siyadai. Mama yako mkubwa amebadilisha daktari, sasa anagombana na huyo mpya.

Barua yako niliisoma mara moja nikaiweka kabatini. Mwanamke mzima wa miaka thelathini na moja jioni zake ni zake, sikukatazi. Lakini ungeniuliza kabla ya kuingiza mabomba kwenye chumba changu. Sakafu ile niliipiga nta kwa magoti haya haya unayoyaulizia.

Wewe ni fundi mzuri wa mageti. Sifa zako zinafika mpaka huku, na dada yangu anazitangaza kanisani kana kwamba yeye ndiye aliyekufundisha. Geti likikorofisha, mtu anachelewa kazini, basi. Sielewi kwa nini ukae ukitengeneza upya kitu kilichomuua baba yako.

Vipimo vya kiti sivikumbuki, ni zamani mno. Kama mikono inakuwasha, nitengenezee kabati la vyombo. La jikoni limeoza tangu nikiwa hapo.

Mama yako


30 Machi 2009

Mama mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa mvua, nasikia huko kwenu imemwagika bila breki. Mimi mzima, ukiondoa kidole kimoja kilichokutana na nyundo.

Kabati nimelitengeneza. Lina rafu tatu na milango inayofunga. Sasa huna la kunidai.

Fremu nayo imekamilika. Nimeipaka rangi ya kijivu ya kuzuia kutu, yote, mpaka pembe ambazo hakuna jicho litakalozifikia. Bodi inanisumbua. Upande wa tairi la kushoto bati limekubali, ila la kulia nimelipiga mara tatu. Mara ya kwanza lilitoka kama sufuria, mara ya pili kama sufuria iliyokanyagwa. Jirani yetu mwalimu, aliyestaafu mwaka jana, anakuja kila siku kusimama dirishani na mikono nyuma kama yuko zamu. Ananiuliza paa nitaliweka lini. Nimemweleza mara nne kwamba gari hili halina paa, naye ananijibu kwa upole kwamba basi bado halijaisha.

Sasa sikiliza. Nilikuwa natafuta sindano kwenye droo ya cherehani, na chini kabisa, chini ya vifungo, nikakuta karatasi ya kaki imekunjwa mara nne. Ni vielelezo vya kukatia mito ya kiti, kwa mwandiko wako. Kimoja umeandika "kiti", kingine "mgongo". Cha tatu ni kidogo, ukubwa wa mkate, na umeandika "mapaja".

Kwa hiyo huhitaji kukumbuka vipimo. Naomba unijibu jambo moja tu kuhusu hicho cha tatu. Ndani yake ulitia nini, sponji au sufi? Na kilikuwa kinafungwa wapi? Vingine vyote umevitia alama za kamba, hiki hakina hata moja.

Mwanao


17 Agosti 2009

Mwanangu,

Salamu zako za Machi nimeziitikia leo, unisamehe. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa sijui nianzie wapi, na kila nikishika kalamu dada anapata kazi ya kufanya nyuma ya kiti changu. Leo amekwenda harusini, atarudi jioni.

Ni sponji.

Kile kiti kilikuwa na ukingo wa bati mbele. Baba yako alikuwa mfupi, nawe umemrithi, na ukingo ulikuwa ukimkata chini ya mapaja. Wiki ile alirudi kutoka mazoezini ana michubuko miguu yote miwili. Asubuhi ya mbio nikakata kimto, nikakijaza sponji, nikakivalisha rekisini nyeusi, ile ngozi bandia. Mito yote ya gari lile nilikuwa naitia kamba za kuifunga kwenye fremu. Huo sikuutia. Alikuwa amesimama mlangoni amevaa glavu, anasema tunachelewa. Nikamwambia, "Uweke hivyo hivyo, kamba nitashona kesho."

Waliokuwepo wanasema kwenye kona ya tatu hakupunguza mwendo kabisa. Alikwenda moja kwa moja ukutani. Kuna waliosema breki zilikufa, kuna waliosema moyo. Gari likapelekwa kwenye chuma chakavu kabla mtu hajalichungulia, na aliyesaini liondolewe ni mimi. Nilisaini upesi. Nilikuwa naogopa watu wasije wakaukuta mto wangu chini ya breki.

Sijamwambia mtu yeyote. Dada anadhani niliihama nyumba ile kwa sababu ya ngazi. Niliihama kwa sababu kila nikikaa kwenye cherehani namwona mlangoni na glavu zake.

Sasa unajua kwa nini sikutaka. Nakuomba usikishone hicho kipande cha tatu.

Mama yako


1 Septemba 2009

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Sitauliza habari za mtu mwingine yeyote leo, nauliza zako tu.

Nisamehe, nimekishona. Nimekishona kama ulivyoeleza, sponji ndani, rekisini nje, bila kamba. Nikakiweka mahali pake, kisha nikakisukuma kwa mguu kuelekea kwenye pedali. Mama, hakifiki. Kabla ya pedali kuna bomba linalokatiza toka upande mmoja wa fremu hadi mwingine, na chini yake imebaki nafasi ya vidole viwili. Mto ni vidole vinne. Hata ukiubana haupiti. Nimekuwekea picha ndani ya bahasha, utazame mwenyewe.

Umejitesa bure miaka yote hii. Breki zilikufa zenyewe. Funga mizigo yako urudi nyumbani, nitakutolea gari chumbani mwako siku hiyo hiyo.

Mwanao


20 Septemba 2009

Mwanangu,

Marahaba. Nimepata barua na picha, na nimekushukuru moyoni kabla ya kuanza kuandika, hilo ulijue.

Picha nimeitazama kwa miwani yangu, halafu kwa miwani ya dada. Fremu yote ni ya kijivu, kama ulivyoniambia mwezi wa tatu. Bomba hilo moja halina rangi, na ncha zake zina ule weusi wa kibuluu wa chuma kilichotoka kuunguzwa juzi. Mimi nimeishi na mchomeleaji miaka kumi na mmoja, na nimezaa mwingine.

Tena gari lile nilikuwa nalifagia ndani kwa brashi ya mkono kila Jumatatu, na sikumbuki mkono kukwama popote. Ila siku hizi nasahau hata sufuria jikoni, kwa hiyo sitaki kutegemea kumbukumbu zangu.

Nakuuliza wewe. Hilo bomba uliliweka lini?

Mama yako


14 Novemba 2009

Mama,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta salama, na kwamba hujakata tamaa ya kuipata.

Nililiweka tarehe ishirini na nane Agosti, siku tatu baada ya kupokea barua yako. Halimo katika picha hata moja ya zile kumi na moja. Nililichomelea ili nikupigie picha. Niliona umeumia kwa miaka ishirini na miwili, na mimi nina mashine ya kuchomelea, nikadhani jambo hili linachomeleka. Nimeona haya miezi miwili, ndicho kilichonifanya ninyamaze.

Nimelikata. Kisha nimefanya nilichopaswa kukifanya mwanzo, na nitakuandikia kama kilivyokuwa, bila kuongeza wala kupunguza.

Unaujua mteremko wa ua wetu. Nilipanga matairi makuukuu ukutani, chini kabisa. Mwalimu na mkewe wakawa wanalisukuma gari kutoka juu, mimi nimekaa ndani na mto chini ya mapaja, mpaka linagonga matairi. Kila mara kabla ya kugonga nilikuwa nanyanyua mguu kwenda kwenye breki, kama afanyavyo dereva. Urefu wangu na wa baba ni mmoja, ulisema mwenyewe. Tulifanya mara kumi. Mwalimu hajui tulichokuwa tunapima, anadhani najaribu magurudumu, na mkewe ameniambia wakati mwingine nitafute watu wenye mapafu.

Mara tano mto haukusogea mahali pake. Mara mbili ulidondoka ukabaki kando, kwenye sakafu. Mara tatu uliingia chini ya pedali ya breki, na nilipokanyaga pedali haikushuka.

Mwendo wetu ulikuwa wa mtu anayekimbilia basi, si wa mbio. Pedali nimeziweka kwa kukisia, kwa sababu picha inaonyesha moja na nusu tu. Kwa hiyo huu si ushahidi wa siku ile, na hakuna fundi yeyote atakayekupa ushahidi wa siku ile. Lakini siwezi tena kukuambia kwamba haikuwezekana. Iliwezekana, mama.

Nilitaka upumzike nikakudanganya. Sasa nimekuambia ukweli na naogopa kuliko siku ile ya uongo. Ukitaka nilivunje gari, nitalivunja. Nangoja neno lako.

Mwanao


2 Desemba 2009

Mwanangu,

Marahaba, mama. Mimi mzima kabisa, na nataka uamini hivyo kabla hujaendelea kusoma.

Barua yako nimeisoma mara nne peke yangu, mara ya tano nikamsomea dada. Ndiyo, nimemwambia yote tangu mwanzo. Alilia kuliko mimi, halafu akanigombeza saa nzima kwa kumficha jambo kubwa hivyo ndani ya nyumba yake, halafu akaenda kupika na akachoma wali. Tumeula hivyo hivyo.

Gari usilivunje. Nakuja Jumamosi tarehe kumi na tisa, kwa basi la asubuhi. Siji kuhamia, dada hawezi kuachwa, nakuja kwa wiki mbili. Chumba changu kiache kama kilivyo, nitalala kwako. Nataka unikalishe kwenye kile kiti, unionyeshe pedali zenyewe, na uniache humo nikae mpaka nitakaposema basi.

Uongo wako nimeusamehe siku ile ile nilipouona pichani, sikukuambia tu. Ningekuwa na mashine ya kuchomelea na mtoto mwenye mzigo kama wangu, nadhani ningefanya hivyo hivyo.

Sasa hesabu yako. Umeiandika kwa hofu, naona hata mwandiko umelala upande. Ulidhani unanihukumu. Mwanangu, kichwani mwangu mto ule umesukumwa kila siku ya Mungu kwa miaka ishirini na miwili, na kila siku umeingia chini ya breki, haijatokea hata mara moja ukabaki. Wewe ndiye mtu wa kwanza kuniambia kwamba mara tano haukusogea.

Mama yako