Bibie Anatafuta Maneno

Jumatatu, 3 Machi
Somo la kwanza kwa kompyuta. Wiki ya saba tangu kiharusi. Mkono wa mke wangu umeanza kurudi, maneno bado. Afasia, daktari alisema — akili nzima, lugha ndiyo imejeruhiwa. Na huyu ndiye aliyetangaza treni stesheni miaka ishirini na mbili.

Mtaalamu wa usemi yuko mbali, mwendo wa siku nzima, kwa hiyo tunaonana naye kwenye skrini. Binti mdogo, miwani mikubwa. Kila sentensi anaifunga kwa "polepole." Nimeshambatiza Binti Polepole.

Akaonyesha picha ya kijiko. Bibie: "Kitabu." Akajua amekosea, akapiga meza. Nikamsaidia: "Kijiko." Binti akanigeukia, kwa adabu zote: "Baba, hilo neno lilikuwa lake."

Nikasogeza kiti changu nyuma.

Alhamisi, 6 Machi
Mtandao mbovu. Bibie akinyamaza, binti hajui kama neno limekwama au picha imeganda. "Mama, upo?" Yupo — anatafuta. Wakakubaliana: akiwa anatafuta, ainue kidole. Leo kidole kilikaa juu hadi nikachoka mimi. Neno lilikuwa "mlango." Likatoka.

Mimi fundi cherehani, kazi ya kukaa naijua. Sijawahi kuona mtu akifanya kazi ngumu namna ile akiwa kitini.

Jumatatu, 17 Machi
Ajabu. Binti alimwomba ataje siku za wiki — akazimwaga kama maji. Halafu: "Mama, hebu tangaza treni." Bibie akajiweka sawa. "Abiria mnaombwa kusogea nyuma ya mstari wa njano." Sauti ileile. Mkasi ukaniponyoka.

Dakika moja baadaye alitaka maji, akashindwa kusema maji. Yaliyozoeleka hutoka yenyewe, binti akaeleza; ya kutunga papo hapo ndiyo kazi.

Nikaenda kulia jikoni. Bibie akanifuata, akanicheka. "Mtoto," akasema. Hilo halikumsumbua kutoka.

Ijumaa, 4 Aprili
Barua ya kazini kwake. Bodi itakaa tarehe 24, kwa video, kuamua kama astaafishwe kwa ugonjwa. Shemeji, kaka yake bibie, akaisoma, akaongea na mimi huku bibie mwenyewe kaketi katikati yetu: akubali tu, mtu asiyeweza kusema atawaambia nini?

Bibie akampokonya barua. "Mimi... kazi... nataka." Kidole kikapanda. Shemeji akatazama saa. "Siyo... kutangaza. Ra... ratiba."

Kupanga ratiba za treni! Hata mimi sikujua. Alikuwa amelibeba wazo hilo siku zote hizi, hana pa kulitolea. Shemeji akaaga mapema.

Jumatano, 16 Aprili
Sentensi nne za kuiambia bodi. Kachagua mwenyewe. Ya tatu inamtesa: "Nazijua treni zote." Leo kairudia mara thelathini na moja — nilikuwa napinda suruali, nikahesabu. Mtu mzima na heshima zake, wala haoni haya. Mimi ningeacha kwenye ya tano.

Alhamisi, 24 Aprili
Mapumziko ya dakika kumi. Naandika nje ya mlango.

Wajumbe watatu kwenye skrini. Mwenyekiti, mtu mpole, akaniuliza: "Mama anaelewa tunachosema?" Nilishafungua mdomo. Bibie akaniwekea kiganja kifuani. "Uliza... mimi."

Mwenyekiti akaomba radhi, akamuuliza yeye. Sentensi ya kwanza ikatoka. Ya pili. Ya tatu ikakwama, kidole juu. Binti Polepole, waliyemruhusu kuhudhuria, hakumsaidia neno hata moja. Aliwaambia tu: "Anatafuta. Tumsubiri." Wakasubiri. Kisha mjumbe mmoja akaomba tupumzike.

Nilidhani bibie amevunjika moyo. Wapi! Akanyoosha mkono mlangoni. "Wewe. Nje." Nikauliza kwa nini. Akatafuta, akalipata: "Unatetemeka."

Ni kweli. Hata mwandiko huu unaonyesha.

Wamerudi. Mwenyekiti anasema, karibu mama, tuendelee. Kupitia upenyo wa mlango naona kidole cha bibie kiko juu. Bado kiko juu. Hakuna anayemkatiza.

Sasa anaanza — siyo ya tatu. Wala ya nne. Ni nyingine kabisa, sijawahi kuisikia; anaitunga papo hapo.