Pua ya Keza

Jumanne, 6 Agosti 1996

Mtoto amefika! Anaitwa Keza. Umri wake kama miaka sita, bibi yake mwenyewe hana hakika. Bibi ndiye yule mzee Nyirabahizi wa kambi ya wakimbizi, anayekuja kutulimia maharage tangu mwaka juzi walipovuka kutoka Rwanda. Hana mwingine duniani ila huyu mjukuu. Anasema vumbi la kambini na moshi vimemshinda mtoto, pua inatoka damu kila mara, hata usingizini. Ameomba tukae naye mpaka apone. Akipona atamchukua.

Gaspari alinitazama. Nikasema ndiyo kabla mume wangu hajafungua mdomo. Ndoa yetu imezeeka na hatukujaliwa mtoto – mtu aniletee mmoja mlangoni, halafu niombe nikafikirie?

Kwa lugha yao na Kihangaza chetu tunasikilizana. Kiswahili Keza anajua neno moja tu: asante. Analisema hata akipiga chafya.

Jumatano, 7 Agosti

Imetoka. Alikuwa anakula, mara damu hiyo, matone matone, kwenye sahani ya maharage. Mama mkwe akaja mbio kutoka nyumba ya pili, akaamuru: mlazeni, kichwa nyuma, maji ya baridi utosini. Tukamlaza. Pua ikakauka, nikashangilia kama mjinga. Kumbe damu ilikuwa inakwenda tumboni. Baadaye kidogo akaitapika yote, nyeusi, juu ya kitenge changu cha kanisani.

Nilidhani anakufa. Nilipiga kelele kuliko yeye. Yeye akajifuta mdomo, akaniambia asante.

Alhamisi, 8 Agosti

Leo zahanati. Kuna nesi mgeni, Sauda, mtu wa Biharamulo mjini, katika zile familia za biashara zilizotoka pwani zamani. Kiswahili chake kinanifanya mimi mwalimu wa darasa la kwanza nijione mwanafunzi.

Amenikataza kumlaza. Mtoto akae wima, ainame mbele kidogo, apumue kwa mdomo, damu ya mdomoni ateme asimeze. Mimi nibane pua pale penye ulaini, chini ya mfupa, kwa dakika kumi bila kuachia. Nikamwambia saa hatuna, ya Gaspari ilikufa zamani. Tunapimaje muda basi? Nikasema labda rozari. Matendo matatu, yaani Salamu Maria thelathini, kwa mwendo wangu yanafika dakika kumi na ushei. Akasema hiyo hiyo inatosha.

Mkono mmoja puani, mkono mmoja kwenye punje. Mama Maria atusaidie.

Jumapili, 18 Agosti

Haisaidii. Kila siku inatoka, siku nyingine mara mbili. Nasali matendo matatu, naachia, damu hiyo. Nasali mengine. Magoti yanauma, vidole vimekufa ganzi. Keza anavumilia kuliko mimi.

Malori ya msaada yanapita hapo chini tangu asubuhi, vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye chumvi. Nani asitoke damu puani?

Mama mkwe kanipa yake. Eti nguo ya kuazima haisitiri matako, mtoto wa watu nisimtegemee. Nilimjibu vibaya. Sijutii sana.

Alhamisi, 22 Agosti

Nimecheka mpaka nimelia, na Sauda vivyo hivyo.

Nilimrudia zahanati nikiwa nimekasirika. Nikamwambia dawa yake ya kubana ni ya uongo. Kwa bahati – au tuseme kwa bahati mbaya – pua ikaanza pale pale kwenye benchi. Akasema, haya, nionyeshe unavyofanya. Nikambana Keza, nikaanza kusali. Nilipofika kwenye Atukuzwe Baba, mwisho wa tendo, nikainamisha kichwa na kufanya ishara ya msalaba, kama marehemu mama alivyonifundisha. Na mkono wa kufanyia msalaba ni upi? Ule ule ulioshika pua!

Kumbe kila tendo nilikuwa naachia. Damu inakaribia kuganda, mimi naifungulia mlango kwa heshima zote. Sauda alikaa chini kwa kicheko. Akajikaza, akasema, "Mwalimu Ildefonsa, mimi si wa dini yako. Lakini sidhani kama Mungu atakuuliza mkono wako ulikuwa wapi."

Tukarudia hapo hapo bila msalaba. Ikakoma. Ameniagiza pia nimpake mafuta ya mgando ndani ya pua asubuhi na jioni, nimkate kucha, ninyunyize maji sakafuni kabla ya kufagia, na asilale karibu na mafiga.

Jumatano, 4 Septemba

Inatoka, ndiyo, lakini tunaishinda. Anakaa katikati ya magoti yangu, anainama, nabana. Anasali na mimi huku pua imefungwa, Salamu Maria inatoka na sauti ya bata. Gaspari anajifanya ana kazi nje, nasikia mabega yake yanavyocheka ukutani.

Gaspari huyo huyo aliyesema tusimzoee! Leo kamchongea mpini wa jembe dogo. Anasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na huyu siku zake za ugeni zimekwisha zamani. Keza kalima mstari mmoja wa maharage na kukata mashina matatu. Hakuna aliyemgombeza.

Darasani namkalisha dawati la mbele. Ananiita Mwalimu, hata nyumbani. Nywele zake nimezisuka mimi mwenyewe, nikamaliza na kuzifumua ili nizisuke tena. Nampenda. Basi, nimeliandika.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mvua imeanza. Vumbi limelala na pua imelala nayo. Sikumbuki mara ya mwisho kuosha damu. Mashavu yamemjaa, hata Sauda kamsifu.

Leo Nyirabahizi alikuja kumwona. Alimpapasa uso wote kwa vidole, pua, masikio, shingo, akacheka peke yake. Alinishukuru mpaka nikaona haya. Akasema mtoto sasa amepona, akimaliza kuezeka upya kibanda chake atakuja kumchukua. Nikasema hakuna haraka, tungoje tuone. Akasema sawa, Mwalimu, wewe ndiye unayejua pua yake.

Keza alikuwa nyuma ya mlango anachambua maharage. Usiku hakula.

Jumapili, 24 Novemba

Imerudi. Tangu wiki mbili hivi. Sielewi – mvua kila siku, vumbi hakuna, mafuta napaka, kucha fupi. Na damu ni ya tundu la kulia tu, zamani ilikuwa inabadilisha. Nyirabahizi kaja, kaona kitambaa chenye damu, kaenda zake kwa huzuni bila mtoto. Mara ya pili sasa.

Nitaandika hapa kwa sababu hapa hapasomwi na mtu. Nilipoiona damu ile, kitu cha kwanza kilichonijia moyoni si huruma. Nilifurahi. Mungu anisamehe.

Ijumaa, 6 Desemba

Redio imesema jana, leo imerudia. Wakimbizi wa Rwanda wote warudi kwao kabla mwaka haujaisha. Gaspari aliizima katikati ya habari, akakaa ameishika mikononi.

Jioni balozi wetu wa nyumba kumi alipita. Mtu mzuri, hakutaka maneno. Shikamoo, marahaba, mazao je. Halafu akauliza mko wangapi humu ndani siku hizi. Gaspari akajibu watatu. Balozi akasema haya, akaondoka.

Watatu! Nilikuwa sijamsikia akituhesabu.

Jumatatu, 9 Desemba

Nimejua kwa nini pua imerudi.

Nilienda nyuma ya jiko kumwaga maji. Keza amechuchumaa, ana jani la nyasi kavu, gumu, anajichokoa ndani ya tundu la kulia. Macho yanamtiririka machozi kwa maumivu, na haachi. Nikalinyakua. Nilitaka kumchapa, kweli, mkono ulikuwa umeshainuka.

Akasema, "Mama, nikipona nitaondoka."

Mama. Hajawahi kuniita hivyo.

Nilikaa chini kwenye tope na kitenge changu. Nikambana pua, sala haikuja. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Basi waje wanieleze hiki nilicho nacho kifuani ni nini.

Nimemwambia asirudie. Nimemwambia ndani ya pua kuna nyama laini, itaoza, ataumwa kweli. Kaahidi. Gaspari nilipomweleza alitoka kwenda migombani. Panga kaliacha ukutani.

Jumatano, 11 Desemba

Tangu juzi hata tone. Sauda kamwangalia, kasema kidonda kinafunga, pua ni nzima kabisa, mikono tu itulie.

Njiani watu wanaanza kuonekana na mizigo. Wengine wanakuja huku, wengine wanakwenda kule, hawajui wafuate nani. Kuna mama amebeba mtoto mgongoni na mwingine kifuani. Nilijikuta nawaangalia puani watoto wote.

Nimemfundisha Keza kujibana mwenyewe. Inama, vidole hapa, usiachie. Vidole vyake ni vidogo, vinateleza kwa mafuta. Aliniuliza kwa nini ajibane mwenyewe na mimi nipo. Nikasema ni mchezo tu.

Ijumaa, 13 Desemba

Nyirabahizi yuko nje. Amekuja na kila alicho nacho kichwani: sufuria, mkeka, turubai la bluu. Miguu imevimba. Gaspari kampa mtindi, kaushika tu hajaunywa. Wenzake wanamngoja njiani, hawezi kukaa.

Alinishika mkono na kusema taratibu. Bila shaka alikuwa ameyapanga maneno hayo safari nzima. "Mwalimu, kama pua bado, mwache kwako. Njia ni ndefu, atanifia mikononi. Kama amepona, nipe mjukuu wangu. Sina mwingine."

Na akangoja. Hakumgeukia Gaspari, wala hakumtazama mtoto. Neno langu tu ndilo analolitaka.

Nikasema ngoja nimtafutie Keza sweta, kule kwao kuna baridi. Sweta ninayo, iko magotini, nimeiegemezea daftari hili.

Mzee ana haki. Ni damu yake. Amezika wote, amebaki na huyu. Nimeandika hivyo ili nisome kwa macho yangu: ana haki. Na mimi nina nini? Pua tu.

Nilikuwa nimeshasimama. Maneno yalikuwa tayari mdomoni – amepona, Bibi, mchukue, mafuta ya mgando nimemfungia humu. Nikatupa jicho dirishani.

Keza yuko nyuma ya jiko peke yake. Anachagua nyasi. Jani moja kaliona laini, kalitupa. Kapata jingine. Kanyanyua uso, kaniona dirishani. Hajifichi. Ananitazama tu, na jani mkononi, anangoja nitasema nini.

Inanipasa nimwite aache. Hata sauti kubwa haihitajiki, ni hatua chache.

Gaspari anauliza kutoka nje kama sweta imepatikana.

Nimejibu bado natafuta.